Mwekundu wa Kimasai, Dorper au Kichwa Cheusi: kondoo yupi anaiweza ardhi yako?

Shemeji yangu alinunua kondoo wanane wa Dorper, majike saba na dume moja, kutoka ranchi moja ya bara kulikokauka, akawapakia lori hadi shambani kwake Kwale, si mbali na Msambweni. Walipendeza macho: kichwa cheusi, mwili mweupe, mgongo mpana kama jamvi. Hiyo ilikuwa Februari. Masika yakaingia, nyasi zikafika magotini, akanitumia picha na kusema kondoo wake wako peponi. Kufikia Julai walibaki wawili. Hawakuibwa wala hawakuliwa na fisi. Walipauka ndani ya macho, wakavimba chini ya taya, wakaanguka mmoja mmoja huku chakula kimewazunguka.

Alilaumu dawa, akamlaumu aliyemuuzia, akafika hata kwenye jicho la hasidi. Lakini jirani yake, mzee mwenye kondoo wa kienyeji wembamba ambao shemeji alikuwa akiwacheka, hakupoteza hata mmoja, na walikuwa wakila nyasi zilezile. Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue kondoo gani, mimi humuuliza kwanza: huko kwako kondoo wanakufa kwa nini?

Maana majibu si mengi. Kuna mahali wanakufa kwa minyoo. Kuna mahali wanakufa kwa njaa na kiu. Kuna mahali baridi, matope na kuoza kwato ndivyo vinavyowamaliza, na kuna mahali ni kupe. Aina ya kondoo inayovumilia kimoja mara nyingi haivumilii kingine, na mwenye kuuza hatakuambia hilo sokoni.

Huu hapa ulinganisho wa haraka wa wale wanaopatikana kweli Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Uzito ni wa makadirio. Kondoo aliyelelewa kwa mapito ya barabarani hafanani na wa ranchi.

| | Mwekundu wa Kimasai | Dorper | Kichwa cheusi wa Kisomali | Wa sufu (Corriedale, Hampshire Down, merino) |
|---|---|---|---|---|
| Jike mzima | kilo 30–40 | kilo 50–70 akilishwa vizuri | kilo 30–40 | kilo 55 na zaidi, merino pungufu kidogo |
| Minyoo ya tumbo | anaiweza kuliko wote hapa | humwangusha upesi | kwao ni kukavu, hana mazoea ya nchi ya mvua | lazima dawa na mpango wa malisho |
| Ukame | mzuri | wa kati, anataka chakula | hodari kabisa | usijaribu |
| Ngozi | manyoya mafupi | manyoya na sufu kidogo, hupukutika yenyewe | manyoya mafupi | sufu, hukatwa kila mwaka |
| Mkia | mnene wa mafuta | mwembamba, wengi hukatwa | mafuta yamejaa matakoni | mwembamba, hukatwa |
| Nchi yake | nyika, Pwani, sehemu za mvua za chini | nyika yenye malisho ya uhakika | jangwa na nusu jangwa | mita 1,800 kwenda juu |

Jedwali linadanganya kidogo, kwa sababu linawaweka wote sawasawa. Swali la watu wengi kwa kweli ni moja tu: Dorper au mwekundu? Kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa.

Dorper na mwekundu wa Kimasai

Dorper alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940, kwa kupandisha madume ya Dorset Horn wa Uingereza kwa majike ya kichwa cheusi. Jina lake ni vipande viwili vilivyounganishwa: Dorset na Persian. Huyo "Persian" wala si wa Uajemi. Ni kondoo wa Kisomali aliyefika Afrika Kusini kwa meli miaka ya karibu na 1870, akabandikwa jina la mahali meli ilikotoka. Kwa hiyo Dorper unayemwona ni wa kigeni ana nusu ya damu ya Pembe ya Afrika, na ile rangi ya kichwa amerithi huko. Nusu hiyo humsaidia kwenye joto. Kwenye minyoo haimsaidii.

Sifa zake ni za kweli, tusimwonee. Hukua upesi: kwao, mwanakondoo aliyelishwa vizuri hufika kilo 36 akiwa na miezi mitatu na nusu hadi minne. Jike akishiba huweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili. Hachagui sana majani, hula hata vichaka kuliko kondoo wa sufu. Na mchinjaji anampenda, kwa sababu nyama imejaa paja na mgongo, si mkia.

Mwekundu wa Kimasai ni kondoo wa rangi ya udongo wa Kajiado, wakati mwingine na mabaka, miguu mirefu, mkia mnene. Wamasai na majirani zao wamemfuga Kenya, Tanzania na hata Uganda kwa muda mrefu sana bila sindano wala chupa ya dawa, na aliyeshindwa na minyoo hakubaki kuzaa. Ukifanya hivyo vizazi kwa vizazi unapata mnyama ambaye mwili wake wenyewe unapigana.

Mdudu anayepiganwa naye jina lake ni Haemonchus contortus. Anakaa kwenye tumbo la nne la kondoo, ananyonya damu, na jike lake hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai huanguka na kinyesi, hupata joto na unyevunyevu, viluwiluwi hutoka na kupanda juu ya jani wakati wa umande, na hapo kondoo huwala na kifungua kinywa chake. Ndiyo maana malisho ya kijani yanayovutia macho ndiyo yanayoua. Wengi husubiri kuhara ili wajue kuna minyoo, lakini huyu mara nyingi haharishi. Anamaliza damu tu. Funua kope la chini: pakiwa pekundu ni salama, pakiwa peupe kama karatasi huna muda.

Kati ya 1991 na 1996 watafiti wa taasisi ambayo leo ni ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwaweka aina hizi mbili pamoja Diani, Pwani ya Kenya, kwenye malisho mamoja, wakahesabu mayai ya minyoo kwenye vinyesi, wakapima damu, wakahesabu vifo. Wanakondoo wekundu walitoa mayai machache, damu yao ilibaki na nguvu, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Ukilipima kundi zima, yaani si ukubwa wa kondoo mmoja bali kilo za nyama ulizobaki nazo baada ya kuzika waliokufa, wekundu waliwapita Dorper mara kadhaa. Shemeji yangu aliurudia utafiti huo kwa fedha zake mwenyewe, kilomita chache kutoka hapohapo.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaihesabu. Kondoo anayetoa mayai machache anayaacha malisho yakiwa safi zaidi kwa mwenzake. Dorper mgonjwa anakupandia ugonjwa shambani kila anapotembea. Na usitegemee dawa peke yake: mahali pengi minyoo imeshazoea dawa za kawaida, hasa palipo na desturi ya kuwanywesha kondoo wote kila mwezi, wagonjwa na wazima, kwa kipimo cha kubahatisha.

Ukipanda bara kavu, Kajiado, Machakos, Longido, Monduli, pengo linapungua. Jua linachoma viluwiluwi, Dorper anapumua, na kwa mwaka wa mvua nzuri atakulipa kuliko mwekundu. Hapo mizani inahamia kwenye chakula. Kondoo hula majani makavu yapatayo asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake kwa siku. Jike mwekundu wa kilo 35 anataka kilo 1.2 hivi, Dorper wa kilo 60 anataka 2.1. Kiangazi kikizidi, ukalazimika kununua kila kitu kwa siku 90, mwekundu mmoja atakumalizia marobota 7 au 8 ya kilo 15, na Dorper 12 au 13. Zidisha kwa kondoo 50, kisha ongeza kwamba bei ya robota hupanda wakati huohuo ambao kila mtu analitafuta, na bei ya kondoo hushuka wakati huohuo ambao kila mtu anauza.

Waliopitia ukame wa 2009 kule Kajiado hawahitaji hesabu hiyo. Mwenye kisima, uzio na nyasi zilizohifadhiwa alibaki na Dorper wake. Anayehama na mifugo, kutembea kilomita nyingi hadi maji na kurudi, ndiye aliyejua tofauti ya miguu.

Kichwa cheusi wa Kisomali

Huyu ni wa Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit na kuvuka mpaka. Mafuta yake hayako mkiani kama mwekundu, yako matakoni, mto wa akiba anaoutumia majani yakikosekana. Ukimwona mwezi wa tisa kabla ya mvua za vuli, matako yamesinyaa kama mfuko mtupu, usimcheke. Ndivyo alivyoishi.

Kwa nyama tupu Dorper anamshinda. Lakini soko lake ni jingine. Bandari ya Berbera kule Somaliland, katika miaka ambayo Saudi Arabia haijapiga marufuku mifugo ya huko, huipelekea nchi hiyo kondoo na mbuzi kwa mamia ya maelfu, hasa kabla ya Hija, na kichwa cheusi ndiye anayetafutwa. Kwetu pia, kuanzia Lamu hadi Tanga, Idi ya kuchinja ikikaribia utaona tofauti: wanunuzi wengi wa udhia hawamtaki mnyama aliyekatwa mkia, nao Dorper wengi wa ranchi hukatwa wakiwa wachanga. Nimeona dume zuri la Dorper likirudishwa nyumbani usiku wa kuamkia Idi huku kondoo mdogo kuliko yeye wakigombaniwa. Ukifuga kwa ajili ya soko hilo, fikiria mkia kabla ya kufikiria kilo.

Tahadhari moja kubwa ya kuwahamisha. Kuna ugonjwa unaoitwa wa kondoo wa Nairobi, uliogunduliwa karibu na mji huo mwaka 1910, unaosambazwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa masikio. Kondoo waliozaliwa penye kupe hawa mara nyingi wana kinga. Walioletwa kutoka kukavu kusiko na kupe hao hupata homa, kuhara, na hufa kwa wingi. Hapo si suala la aina, ni suala la mahali alipozaliwa. Ukimtoa Garissa ukamshusha Thika, unaweza kumpoteza hata awe hodari wa jangwa kiasi gani.

Wenye sufu, na nchi za baridi

Kwa anayeishi Molo, Kinangop, Ol Kalou, Timau au nyanda za juu za Tanzania penye ukungu, mambo yanageuka. Huko Dorper na mwekundu hawafi kwa baridi kama watu wanavyodhani, ila wanakondoo wanaozaliwa usiku wa mvua hutetemeka. Sufu hapo ni nguo.

Merino ni wa sufu laini na nyama kidogo, na kwa bei ya sufu ilivyo sasa sioni kwa nini mkulima mdogo amtafute. Corriedale, aliyetokana na Lincoln na merino huko New Zealand, anakupa vyote viwili kwa kiasi. Hampshire Down, mwenye uso mweusi na mwili wa pipa, ni wa nyama. Kwa mwenye ekari chache Kinangop ningesema chotara wa Hampshire au Corriedale, na sufu aihesabu kama bahati, si mapato. Lakini lazima ukate hata kama huuzi, maana sufu chafu nyuma inaita nzi, na nzi wanaita funza.

Kwato ndizo zitakazokusumbua zaidi. Matope, kwato ndefu, harufu mbaya, kondoo anapiga magoti akila. Ukiona zizi lako halikauki, chagua mteremko mwingine kabla hujachagua kondoo. Na kwenye mabonde yenye maji yaliyotuama kuna minyoo ya ini, ambayo hakuna aina yoyote katika jedwali langu ya kuitegemea.

Tena kijani si sawa na lishe. Lord Delamere alipopata ekari 100,000 Njoro mwaka 1903 alileta kondoo wa ng'ambo kwenye nyasi nzuri ajabu, wakafa kwa wingi. Baadaye ikajulikana kwamba udongo wa sehemu za Nakuru hauna kobalti ya kutosha, na ugonjwa wa kudhoofika unaotokana na upungufu huo hata ukapewa jina la mji wenyewe. Wamasai hawakukaa na mifugo hapo kwa muda mrefu, na hawakuhitaji maabara. Leo dawa yake ni jiwe la chumvi lenye madini. Ila nunua la kondoo. La ng'ombe mara nyingi lina shaba nyingi, na shaba humuua kondoo polepole bila wewe kushtuka.

Chotara: hapa ndipo wengi wanapopotea

Utaniuliza, si nichanganye tu Dorper na mwekundu nipate mazuri ya wote? Ndiyo, na kizazi cha kwanza hakitakuangusha. Dume la Dorper kwa jike mwekundu hutoa mwanakondoo mzito kuliko mama yake, mwenye uhai kuliko baba yake. Tatizo ni kizazi cha pili. Jike chotara ukimrudishia Dorper unapata robo tatu, kisha saba ya nane, na mwisho una Dorper kamili aliyezaliwa kwenye zizi lisiloweza kumlisha.

Haya yametokea kwa nchi nzima. Hadi katikati ya miaka ya 1970 kondoo wekundu halisi walijaa nyika za Kenya kwa mamilioni. Ndipo madume ya Dorper yakaanza kusambazwa kwa bei nafuu kwa msaada wa ruzuku, bila mfugaji kuelezwa namna ya kuendesha uchanganyaji. Kila mtu akapandisha, akapandisha tena. Leo mwekundu halisi anatafutwa kwa tochi, na ILRI wanatunza kundi lao kwenye ranchi ya Kapiti, Machakos.

Kwa hiyo, nionavyo, jike awe wa ardhi, dume awe wa soko. Tuseme una majike wekundu 40. Wape 20 dume mwekundu, na 20 dume la Dorper. Kutoka kundi la kwanza, ukiwa na bahati ya kawaida, utapata majike wachanga wapatao wanane kwa uzao mmoja, wanaotosha kuziba nafasi za wazee. Kutoka kundi la pili uza wote, dume na jike, hata yule jike mzuri ambaye mkeo au mumeo anamtaka abaki. Huyo ndiye mlango wa kurudi kwenye Dorper kamili. Kama huna mazizi mawili, fanya kama wafanyavyo wafugaji wa Kimasai: dume lisilo zamu yake hufungwa kipande cha ngozi chini ya tumbo. Mimba ni miezi mitano, basi hesabu nyuma, uzao uangukie majani mapya.

Kwa hiyo wewe uko wapi?

Pwani, kuanzia Vanga hadi Kilifi, Tanga hadi Pangani: wekundu au wa kienyeji wa hapohapo, na Dorper asikae kama jike kamwe. Labda dume moja kwa ajili ya Nairobi au Mombasa, likae zizini ule muda usio wa kazi na likaguliwe macho kila wiki.

Kajiado, Narok kavu, Longido: kama unahama, wekundu. Kama una uzio, maji na ghala la nyasi, chotara wa kizazi cha kwanza, na Dorper halisi kwa yule mwenye mkoba.

Kaskazini kukavu: kichwa cheusi, na sina la kuongeza. Wenyewe wanajua kuliko mimi.

Kiambu, Nyeri, Meru ya chini, vijishamba vya ekari moja na kondoo watatu wamefungwa kamba: nunua kwa jirani. Nasema kweli. Kondoo anayefungwa mahali pamoja siku nzima anakula alipokunya, na hapo uvumilivu wa minyoo ni bora kuliko cheti chochote cha ukoo. Hamisha kigingi kila siku.

Shamba la vichaka na miiba bila nyasi: huna shamba la kondoo. Nunua mbuzi.

Ukienda kununua, fika malishoni, si mnadani peke yake. Funua macho ya watano kwa kubahatisha. Inua kwato. Angalia meno, maana mzee akifungwa kamba mpya hufanana na kijana. Muulize mwenye kundi mara ngapi amewanywesha dawa mwaka huu. Akisema kila mwezi, hujui kama ni kondoo wazuri au ni dawa nzuri. Na ukitaka mwekundu halisi, tazama na mama yake, kwa sababu rangi peke yake huigwa kirahisi.

Shemeji naye aliwanunua majike kumi kwa yule jirani yake mzee, kwa bei ambayo hadi leo anasema aliibiwa, akatafuta dume jekundu. Mwaka wa pili wakafika 23. Katika wale Dorper wawili waliobaki, dume aliuzwa, jike bado yupo. Wamempa jina la Bibi Harusi kwa weupe wake, analala peke yake kwenye kibanda cha mbao kilichoinuliwa, analetewa majani baada ya umande kukauka, na kila Ijumaa kabla ya kuelekea msikitini shemeji humfunua kope la chini kutazama kama bado pana wekundu.